Mkato katika Kiingereza: Alama ya Muundo, Si ya Pumzi

Mtu anayejifunza kuandika Kiingereza huambiwa mapema kwamba mkato huwekwa pale msomaji anapotakiwa kupumua kidogo. Kanuni hiyo ni nyepesi kukumbuka, na kwa kiasi fulani inafanya kazi, kwa kuwa mahali pengi penye mkato ndipo pia sauti inapotua. Hata hivyo, ndiyo inayowapotosha waandishi kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote. Mkato wa Kiingereza cha leo haupimi pumzi, bali unaonyesha namna sentensi ilivyojengwa: sehemu ipi inasimama peke yake, ipi inategemea nyingine, na ipi ni maelezo ya ziada yanayoweza kuondolewa bila kuvuruga maana. Anayetaka kuuweka ipasavyo hana budi kuacha kuisikiliza sentensi na kuanza kuitazama.

Chukua sentensi hii: “The students who missed the first paper because of the flood will sit a special exam in June.” Ukiisoma kwa sauti, utatua baada ya “flood”, na wengi wangeweka mkato hapo. Ni kosa. Maneno yote kuanzia “The students” hadi “flood” ni kiima kimoja, na kiima hakitenganishwi na kitenzi chake kwa mkato mmoja, hata kiwe kirefu namna gani. Sasa tazama “Yes, sir” au “Thank you, Maria”. Anayezungumza kwa kasi ya kawaida hatui kati ya maneno hayo, lakini mkato ni wa lazima, kwa sababu jina au cheo cha anayeambiwa hakimo katika muundo wa sentensi yenyewe. Pumzi yaweza kuwapo pasipo na mkato, na mkato ukawapo pasipo na pumzi.

Kanuni ya pumzi haikuzuka bure. Alama za kwanza za aina hii zilibuniwa kwa ajili ya watu waliosoma kwa sauti mbele ya wengine. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, aliyekuwa msimamizi wa maktaba ya Alexandria, alipendekeza vitone vilivyowekwa juu, katikati au chini ya mstari ili kumwonyesha msomaji atue kwa muda gani. Umbo la mkato tunaloliandika leo lilienea kutokana na vitabu vilivyochapwa Venice na Aldus Manutius mwishoni mwa karne ya 15. Kwa karne kadhaa baadaye, waandishi wa Kiingereza waliendelea kuweka mikato kwa kufuata sauti, na baadhi ya maandishi yao yangali yanasomwa na kubishaniwa mahakamani. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yameandikwa hivi: “A well regulated Militia, being necessary to the security of a free State, the right of the people to keep and bear Arms, shall not be infringed.” Kwa kanuni za leo, mkato wa kwanza na wa tatu isingeruhusiwa, kwa sababu wa kwanza unakitenga kiima “Militia” na “being”, na wa tatu unakitenga kiima kirefu kinachoanzia “the right” na kitenzi “shall not be infringed”. Kwa mtu wa karne ya 18 aliyeisoma sentensi hiyo hadharani, ilikuwa mahali pa kutua tu. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa mjini Washington iliutegemea mkato wa pili kueleza kwamba sentensi hiyo ina sehemu mbili, ya kwanza ikiwa utangulizi na ya pili ikiwa ndiyo yenye amri. Majaji walikuwa wakisoma kwa macho ya muundo alama zilizowekwa na watu waliofuata sauti, na sehemu ya ubishi uliopo inatokana na pengo hilo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuweka mkato si “nitatua hapa?” bali “kilicho kushoto kina uhusiano gani na kilicho kulia?” Swali hilo ndilo litakalotuongoza katika mambo yote yanayofuata, na pa kuanzia ni kosa ambalo sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tunalifanya kwa urahisi mno.

Kwa Kiswahili tunaandika “Mkutano ulimalizika, watu wakatawanyika”, na sentensi hiyo haina dosari. Kiambishi -ka- ndicho kinachovifunga vishazi viwili. Mkato unakisaidia tu. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Ukiandika “The meeting ended, people left”, umeweka sentensi mbili kamili kando kwa kando na kuziunganisha kwa alama isiyo na nguvu ya kuziunganisha. Walimu na wahariri wa Kiingereza hulihesabu hili kuwa miongoni mwa makosa mazito, si kwa sababu maana imepotea, bali kwa sababu msomaji aliyezoea lugha hiyo akiona mkato baada ya kishazi kamili hutarajia nyongeza au kiunganishi, na badala yake anakutana na sentensi nyingine inayoanza upya.

Njia za kulisahihisha zipo nne, na kila moja inasema jambo tofauti kuhusu uhusiano wa matukio hayo mawili. Nukta, “The meeting ended. People left.”, inayaacha matukio yasimame mbalimbali. Nuktamkato, “The meeting ended; people left.”, inasema kwamba yana uhusiano wa karibu ambao msomaji ataugundua mwenyewe. Mkato ukifuatwa na kiunganishi, “The meeting ended, and people left.”, unayaunganisha yakiwa na uzito sawa. Njia ya nne, “When the meeting ended, people left.”, inalifanya la kwanza kuwa tegemezi na kulipa la pili uzito wote. Mwandishi anayefikia hatua ya kuchagua kati ya njia hizi kwa kuangalia maana, badala ya kutumia ileile kila mara, amekwishapiga hatua kubwa.

Viunganishi vinavyoruhusiwa katika njia ya tatu ni saba tu: “and”, “but”, “or”, “nor”, “so”, “yet” na “for”. Orodha ni fupi, na ugumu unaanzia hapo, kwa sababu maneno kama “however”, “therefore”, “moreover”, “then” na “otherwise” yanafanana navyo kimaana bila kuwa na kazi hiyo. “The roof was leaking, however, the lesson continued” ina kosa lilelile la sentensi mbili zilizounganishwa kwa mkato, na isitoshe inamwacha msomaji asijue “however” ni la upande upi. Inatakiwa iwe “The roof was leaking; however, the lesson continued.” Ukitaka kujua neno ni kiunganishi cha kweli au ni kielezi tu, jaribu kulihamisha. Unaweza kuandika “the lesson, however, continued”, lakini huwezi kuandika “the lesson, but, continued”. Kinachohama ni kielezi, na kielezi hakiunganishi sentensi. Kuna ruhusa ndogo kwa vishazi vifupi sana vinavyolingana kwa umbo, kama katika “I came, I saw, I conquered”, lakini ruhusa hiyo ni ya mtu anayejua anachokivunja.

Upande wa pili wa suala hilihili ni mkato unaowekwa kabla ya “and” pasipohitajika. Katika “She opened the letter and read it aloud” hakuna mkato, kwa sababu kuna kiima kimoja, “She”, chenye vitenzi viwili. Kwa Kiswahili tungesema “Alifungua barua akaisoma kwa sauti”, na kila kitenzi kingebeba kiambishi chake cha nafsi, kana kwamba kila kimoja ni sentensi inayojitosheleza. Nadhani ndiyo maana mkono wa mwandishi wa Kiswahili hukimbilia mkato mahali hapo: masikioni mwake, “read it aloud” tayari lina mtendaji. Kwa Kiingereza halina. Tazama kinachofuata baada ya “and”. Ukikuta kiima kipya, kama katika “She opened the letter, and her father read it aloud”, weka mkato. Ukikuta kitenzi peke yake, uache, isipokuwa pale ambapo bila mkato msomaji angeunganisha maneno yasiyohusiana.

Kishazi tegemezi kikitangulia, mkato hukifuata: “If the river rises, the bridge will be closed.” Kikija nyuma, kwa kawaida mkato hauhitajiki: “The bridge will be closed if the river rises.” Sababu inaonekana wazi mkato unapokosekana mbele. Soma “After the guests left the hall was locked.” Jicho linasoma “the guests left the hall” na kuridhika, kisha linagonga “was locked” na kulazimika kurudi mwanzo. “After the guests left, the hall was locked” inamwonyesha msomaji mahali ambapo utangulizi umekoma na kiima cha kweli kimeanza. Virai vifupi vya utangulizi kama “In June” au “Today” vinaweza kuachwa bila mkato, na waandishi wazuri hutofautiana katika hilo. Lakini kadiri utangulizi unavyorefuka, ndivyo kuuacha bila mkato kunavyomgharimu msomaji.

Kanuni ya kishazi tegemezi kinachokuja nyuma ina mtego mmoja unaostahili kutazamwa kwa makini, nao ni “because” baada ya kitenzi kilichokanushwa. “She did not resign, because the salary was low” ni sentensi ya ajabu, kwani inasema kwamba hakujiuzulu na kwamba sababu ya kutojiuzulu ni mshahara mdogo. Ondoa mkato: “She did not resign because the salary was low.” Sasa inaeleweka kwamba alijiuzulu, lakini mshahara mdogo haukuwa sababu. Alama moja imeamua kama mwanamke huyo bado yuko kazini. Anayeandika barua ya kiofisi au ripoti ya uchunguzi asiache sentensi ya namna hii itegemee macho makali ya msomaji. Ni heri aiandike upya kabisa, “She resigned, but not because of the salary”, kuliko kumtwika mkato mzigo wote huo.

Kabla ya kuondoka kwenye vishazi, kuna makosa mawili madogo yanayotokana moja kwa moja na mazoea yetu. Wengi wetu huandika “Alisema kwamba, mradi utaanza mwezi ujao”, tukiweka mkato baada ya “kwamba”, kisha tukauhamishia Kiingereza: “He said that, the project will start next month.” Mkato huo hauna kazi hata moja. Neno “that” ndilo linalofungua kishazi, na mfunguzi hatengwi na anachokifungua. Ni vivyo hivyo kwa “although”: “Although, he was ill, he came” inakitenga kiunganishi na kishazi chake. Iliyo sahihi ni “Although he was ill, he came.”

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha mada hii nzima, kwa sababu hapa mkato haupambi sentensi wala kuirahisisha, bali unabadilisha ukweli unaodaiwa. Linganisha “The passengers who had no tickets were asked to get off” na “The passengers, who had no tickets, were asked to get off.” Maneno ni yaleyale na mpangilio ni uleule. Sentensi ya kwanza inawagawa abiria katika makundi mawili, wenye tiketi na wasio na tiketi, na kusema kwamba kundi la pili liliambiwa lishuke. Ya pili haigawi mtu yeyote: abiria wote hawakuwa na tiketi, na wote waliambiwa washuke. Katika ya kwanza, kishazi “who had no tickets” kinamjibu anayeuliza “abiria wepi?” Katika ya pili, msomaji amekwishajua ni abiria wepi, na kishazi kinamwongezea habari tu.

Kiswahili hakituandai vizuri kwa tofauti hii. “Abiria ambao hawakuwa na tiketi waliambiwa washuke” yaweza kubeba maana zote mbili, na kwa kawaida muktadha ndio unaoamua. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili anapoandika Kiingereza analazimika kufanya uamuzi ambao lugha yake haikumzoesha kuufanya kila mara: je, maelezo haya yanabainisha, au yanaongeza? “My brother who lives in London is a doctor” inamwambia msomaji kwamba ndugu ni zaidi ya mmoja na kwamba ninamzungumzia yule wa London. “My brother, who lives in London, is a doctor” inamwambia kwamba ninaye mmoja tu. Ukikosea, umetoa habari isiyo ya kweli kuhusu familia yako mwenyewe, na hakuna mhariri anayeweza kukusahihisha, kwa kuwa sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi.

Uchaguzi wa “that” na “which” umefungamana na jambo hili. Katika uchapishaji wa Marekani, desturi ni kutumia “that” pasipo mkato kwa maelezo yanayobainisha, na “which” pamoja na mkato kwa maelezo ya ziada. Nchini Uingereza “which” hutumika kwa yote mawili, na hivyo kuwepo au kutokuwepo kwa mkato ndiko kunakobeba tofauti yote. Kwa kila hali, “that” haifungui maelezo ya ziada; “The report, that was published in May, caused anger” inahitaji “which”.

Majina yanafuata mantiki hiyohiyo. “The novelist Toni Morrison won the Nobel Prize in 1993” haina mkato, kwa sababu waandishi wa riwaya ni wengi na jina ndilo linalobainisha yupi. “Toni Morrison, an American novelist, won the Nobel Prize in 1993” ina mikato miwili, kwa sababu jina limekwisha kumbainisha na yaliyobaki ni maelezo. Ukiandika “The novelist, Toni Morrison, won” pasipo kumtaja kabla, unaashiria kwamba duniani kuna mwandishi mmoja tu wa riwaya.

Mikato inayozingira maelezo ya ziada huja miwili miwili, kama mabano. Kinachofunguliwa lazima kifungwe, isipokuwa mwisho wa sentensi, ambako nukta hufanya kazi ya kufunga. Mwandishi anayeandika “Toni Morrison, an American novelist won the Nobel Prize” amefungua bila kufunga, na matokeo yake ni mkato mmoja uliokaa kati ya kiima na kitenzi, kosa lilelile tuliloanza nalo. Kipimo ni kuondoa kilicho kati ya mikato miwili na kusoma kinachobaki. Kikisimama kama sentensi kamili yenye maana uliyokusudia, mikato iko mahali pake.

Kipimo hicho kiliwahi kuamua mgogoro wa fedha nyingi nchini Kanada. Kampuni ya mawasiliano ya Rogers ilikuwa na mkataba wa mwaka 2002 wa kutumia nguzo za kupitishia nyaya zilizosimamiwa na kampuni ya Aliant. Kifungu kimoja kilisema kwamba mkataba utadumu kwa miaka mitano, kisha mkato, na baada ya hapo kwa vipindi vingine vya miaka mitano mitano, kisha mkato wa pili, “unless and until terminated by one year prior notice in writing by either party”. Rogers waliamini kwamba taarifa ya mwaka mmoja ingeweza kutolewa tu wakati wa vipindi vya nyongeza, na kwamba miaka mitano ya kwanza ilikuwa salama. Lakini mkato wa pili uliyafanya maneno kuhusu vipindi vya nyongeza kuwa maelezo yaliyozingirwa. Ukiyaondoa, kinachobaki ni mkataba wa miaka mitano unaoweza kuvunjwa kwa taarifa ya mwaka mmoja. Mwaka 2006 tume inayosimamia mawasiliano nchini humo iliusoma hivyo hivyo na kuipa Aliant ushindi. Mwaka uliofuata tume iligeuza uamuzi wake baada ya kuzingatia toleo la Kifaransa, ambalo halikuwa na utata huo. Waandishi wa mkataba hawakukosa maarifa ya sheria. Waliweka mkato mahali pa kutua, na sarufi ikausoma kuwa mkato wa kufunga.

Katika orodha, mambo ni mepesi hadi tunapofika kwenye kitu cha mwisho. Je, tuandike “pens, paper and ink” au “pens, paper, and ink”? Mkato huo wa mwisho huitwa mkato wa Oxford, kwa kuwa mtindo wa uandishi wa chapa ya Chuo Kikuu cha Oxford umeushikilia kwa muda mrefu. Mwongozo wa uandishi wa Chicago nao unaupendekeza, ilhali magazeti mengi ya Uingereza na mwongozo wa shirika la habari la Associated Press huuacha katika orodha nyepesi. Hakuna upande uliokosea kisarufi. Kosa ni kuuweka hapa na kuuacha pale ndani ya andiko moja.

Hata hivyo, ukosefu wake una hatari, na mfano bora unatoka jimbo la Maine nchini Marekani. Sheria ya jimbo hilo kuhusu malipo ya saa za ziada iliwaondoa wafanyakazi wa shughuli kadhaa za vyakula, na orodha ya shughuli hizo iliishia na maneno “storing, packing for shipment or distribution of”. Hakukuwa na mkato baada ya “shipment”. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walikuwa wakisambaza bidhaa lakini hawakuzifungasha. Kama “distribution” ilikuwa shughuli inayojitegemea katika orodha, hawakustahili malipo ya ziada. Kama ilikuwa sehemu ya “packing”, yaani kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, walistahili. Madereva walionyesha pia kwamba shughuli zote zilizoorodheshwa zilikuwa na kiishio “-ing”, ilhali “shipment” na “distribution” zilikuwa nomino za umbo jingine, jambo lililoashiria kwamba hizo mbili zilikwenda pamoja. Kampuni ilijibu kwamba mwongozo wa uandishi wa sheria wa jimbo hilo ulikataza mkato wa mwisho katika orodha, na kwa hiyo kutokuwepo kwake hakukuthibitisha lolote. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona kwamba kifungu kilikuwa na utata na ikaamua kwa faida ya madereva. Mwaka 2018 kesi ilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5. Baada ya hukumu hiyo ya 2017, Bunge la jimbo liliandika upya orodha hiyo likitumia nuktamkato.

Ningemshauri mwandishi autumie mkato wa Oxford, isipokuwa pale anapoandikia chombo chenye desturi tofauti. Lakini asiudhanie kuwa dawa ya kila utata. “I invited my mother, a doctor, and two nurses” unao, na bado hatujui kama mama ndiye daktari au daktari ni mtu mwingine. Hapo mkato hautasaidia kwa kuongezwa wala kwa kuondolewa. Badilisha mpangilio: “I invited a doctor, two nurses, and my mother.”

Vivumishi vinavyofuatana vina kipimo chepesi. Ukiweza kuweka “and” kati yavyo na ukaweza kuvibadilishana nafasi, weka mkato: “a long, difficult exam”. Usipoweza, uache: “a large wooden table”, kwa sababu hakuna anayesema “a wooden and large table”. Tarehe za mtindo wa Marekani hutaka mikato pande zote mbili za mwaka, “On July 4, 1776, Congress adopted the Declaration”, na mji unaofuatwa na jina la jimbo hutaka vivyo hivyo. Mtindo wa Uingereza, “4 July 1776”, hauhitaji mkato ndani ya tarehe. Katika nukuu, Wamarekani huweka mkato ndani ya alama za kunukuu hata kama haukuwa sehemu ya maneno yaliyonukuliwa, na Waingereza kwa kawaida huuweka nje pasipo sababu ya kuuweka ndani. Chagua mtindo mmoja na uufuate hadi mwisho wa andiko.

Tuchukue sasa sentensi isiyo na mkato hata mmoja na tuitazame hatua kwa hatua: “When the committee met on Tuesday the chairman who had been ill for a month resigned and the treasurer the only member with access to the accounts refused to sign anything.” Kishazi tegemezi kimetangulia na kinaishia kwenye “Tuesday”, kwa hiyo mkato unaingia hapo. Mwenyekiti wa kamati ni mmoja tu, kwa hiyo “who had been ill for a month” hakimbainishi bali kinaongeza habari. Kinastahili mkato mbele na nyuma. Baada ya “resigned” kuna “and”, na baada ya “and” kuna kiima kipya, “the treasurer”, kwa hiyo mkato mwingine unahitajika kabla ya “and”. Mweka hazina naye ni mmoja, na maelezo yake yanazingirwa kwa mikato miwili. Matokeo ni haya: “When the committee met on Tuesday, the chairman, who had been ill for a month, resigned, and the treasurer, the only member with access to the accounts, refused to sign anything.”

Mikato yote sita ni sahihi na hakuna hata mmoja unaoweza kuondolewa. Hata hivyo, sentensi inasomeka kwa shida, kwa sababu alama ileile inafanya kazi tatu tofauti ndani ya mstari mmoja, na msomaji anapofika “resigned” hawezi kujua mara moja kama mkato unaofuata unafunga, unafungua au unaunganisha. Sarufi haina la kusema zaidi hapo. Uamuzi ni wa mwandishi. Kishazi cha pili kina kiima chake na kitenzi chake, na hakitegemei cha kwanza kwa lolote, hivyo mkato wa kabla ya “and” unaweza kupisha nukta, na “and” yenyewe ikaondoka: “When the committee met on Tuesday, the chairman, who had been ill for a month, resigned. The treasurer, the only member with access to the accounts, refused to sign anything.”